Kengele ya Lori Namba Kumi na Saba

Watu wa yadi ile ya malori walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyeweza kumkemea dereva mbele za wenzake na dereva asinune. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, bisibisi mfukoni kama wengine wanavyobeba kalamu. Ukifika asubuhi na kumuulizia, ungeonyeshwa kidole juu: yuko kwenye paa la kichwa cha lori, amepiga magoti juu ya kipande cha zulia kuukuu, anafunga antena.

Kazi yake kwa miaka ishirini na tisa ilikuwa hiyo moja: kuhakikisha malori yanasikilizana.

Alianza akiwa binti wa miaka ishirini na miwili. Wakati huo aliwekwa katika chumba kidogo kando ya lango, mbele ya simu ya upepo, na kazi yake ilikuwa kupokea sauti za madereva waliotawanyika barabarani. "Yadi, Yadi, hapa Namba Nane, nimevuka daraja." Naye anaandika: saa nne na dakika kumi, Namba Nane, daraja. Simu ilipoharibika ilibidi kumsubiri fundi kutoka mbali, wiki nzima, wiki mbili. Safari ya tatu alichoka kusubiri. Akaazima bisibisi kwa fundi magari, akaifungua, akakuta waya mmoja umeachia, akaurudisha. Simu ikakohoa, ikasema. Kuanzia siku hiyo meneja hakumwita fundi tena, na binti naye hakuirudisha ile bisibisi.

Mume wake alimjua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa dereva mgeni wa lori Namba Kumi na Saba. Wenzake walikuwa wakibweka mahali walipo na kunyamaza, yeye alisalimia kwanza. "Yadi, habari za asubuhi. Umeshakunywa chai?" Sasa simu ya upepo haina siri, anayesema na mmoja amesema na wote. Siku ya tatu dereva mwingine akaingilia kati: "Kumi na Saba, na sisi huku hatujanywa chai, mbona hutuulizi?" Barabara nzima ikacheka. Yeye hakujali. Aliendelea kuuliza chai kwa miezi minane, mpaka asubuhi moja akiwa juu mlimani akasema, kwa ile sauti yake nzito isiyo na haraka, "Yadi, nilikuwa nauliza, nikiwatuma wazee wangu nyumbani kwenu, watafukuzwa?"

Hewani pakawa kimya. Hakuna dereva aliyethubutu hata kukohoa. Binti alitazama ile simu kama vile ingeweza kumwona, akabonyeza kitufe, akasema neno pekee alilozoea kusema kazini: "Imepokelewa."

Malori kumi na manne yakapiga honi. Wengine walikuwa kilomita mia mbili kutoka hapo, basi wakasogeza vipaza sauti vya simu zao karibu na honi ili na wao wasikike.

Wakaoana. Wakapata watoto watatu, wakawasomesha, wakawaoza. Dereva wa Namba Kumi na Saba alibatizwa jina la Kobe kwa jinsi alivyoendesha, na hakuchukia. "Kobe anafika," alisema, "na akifika bado ana gamba lake." Katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga hata ndoo.

Miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia, kampuni iling'oa simu za upepo ikaleta visanduku. Aliyevileta alikuwa mhandisi mmoja, dada mwembamba mpole, aliyezungumza na madereva kana kwamba anaomba radhi. Aliwakusanya chini ya banda la matairi akawaeleza. Kila lori litawekewa kisanduku chini ya dashibodi na antena ndogo juu ya paa. Kisanduku hakitasubiri mtu aseme. Chenyewe, mara kumi kwa kila sekunde, kitawaambia wenzake walio karibu: niko hapa, mwendo wangu ni huu, nimekanyaga breki, nimesimama. Wenzake wakipata habari mbaya, kengele inalia na taa nyekundu inawaka kwenye kioo kidogo. Na pale mlimani ambapo simu za mkononi hazishiki, neno litaruka kutoka lori hadi lori mpaka limfikie anayehusika.

"Kwa hiyo nikifunga breki," akauliza dereva mmoja aitwaye Honi kwa ukubwa wa sauti yake, "kisanduku changu kinamwambia wa nyuma, wa nyuma anamwambia wa nyuma yake?"

"Ndiyo, kaka."

"Na lori nililopishana nalo linakwenda kusema huko liendako?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi hicho si kisanduku, dada yangu. Hicho ni mmbea!"

Jina likaganda. Mpaka meneja alisema mmbea. Shangazi alijifunza kwa mhandisi namna ya kuwafunga wambea, kuwapima na kusoma kumbukumbu zao, maana kila kisanduku kiliandika ndani yake kila onyo lililopokelewa na muda aliochukua dereva kugusa breki. Kila Ijumaa aliunganisha kompyuta, akazipakua kumbukumbu za wiki. Madereva wenye haraka wakajulikana, wenye usingizi wakajulikana.

Ila kitu kimoja hakumwambia mtu. Zilipong'olewa simu za upepo alihisi nyumba imepungua mtu. Mchana kutwa alikuwa amezoea kuisikia sauti ya mumewe ikipita mahali na mahali. Sasa alikuwa anaona nukta kwenye kioo. Angevumilia hilo. Kilichomuuma ni kwamba hata nyumbani mume alianza kunyamaza.

Ilianza kidogo kidogo. Anamsemesha kutoka jikoni, hajibu. Anamsimulia habari ya mtoto wao, anatikisa kichwa tu. Anamuuliza, "Nikuwekee wali au ugali?" anajibiwa, "Ndiyo." Pale mezani walikuwa wamezoea kukaa bega kwa bega, lakini siku moja mume alihamisha kiti chake akaenda kukaa ng'ambo ya meza, na tangu hapo hakurudi. Shangazi aliiangalia ile nafasi iliyobaki tupu karibu yake. Alijiambia, miaka ishirini na minane si mchezo. Labda mtu huchoka. Labda maneno nayo huisha, kama sabuni. Mwanamke aliyekuwa akiwakemea madereva thelathini hakuwa na ujasiri wa kumuuliza mume wake swali moja.

Basi Ijumaa moja akiwa anapakua kumbukumbu, akafika Namba Kumi na Saba. Alikuwa na tabia ya kuipitia harakaharaka, maana Kobe hana makosa. Siku hiyo macho yalinasa kwenye safu ya muda. Onyo: lori la mbele limefunga breki. Madereva wengine walikanyaga baada ya sekunde moja, moja na nusu. Namba Kumi na Saba: sekunde nne. Onyo lingine: sekunde tano. Lingine: tatu na nusu.

"Kengele mbovu hii," akasema kwa sauti.

Akachukua ngazi yake, akaenda kwenye lori. Alibadilisha kengele akaweka mpya. Akabadilisha waya, akakagua fyuzi, akapanda juu akaikaza antena. Wiki iliyofuata akapakua tena. Sekunde nne. Nne na nusu. Akaenda akakaa mwenyewe kwenye kiti cha mumewe, akafunga vioo, akawasha injini, akaiamuru kengele ilie kwa majaribio. Ililia kwa sauti kali nyembamba kama sindano, hata akaziba masikio.

Hapo ndipo alipokaa akiwa ameshika usukani. Akarudi ofisini, akafungua kumbukumbu za nyuma, mwezi kwa mwezi. Mwaka wa kwanza: sekunde mbili. Mwaka wa pili: mbili na nusu, tatu. Ilikuwa ikipanda kidogo kidogo kama mtu anayepanda ngazi gizani. Mume wake hakuwa akiijibu kengele hata kidogo. Alikuwa akisubiri mpaka aone taa za breki za lori la mbele kwa macho yake mwenyewe. Alinusurika miaka yote hiyo kwa sababu moja tu: mwendo wa kobe.

Jikoni. Kile kiti. Wali au ugali. Vyote vikamjia kwa mpigo mmoja, akavua miwani akaiweka mezani.

Jumamosi na Jumapili hakusema kitu. Alitaka kuwa na hakika. Lakini alijua pia kwamba lile lori hubeba tani thelathini za saruji, na kwamba barabara ile wanapita watoto wa watu. Jumatatu alfajiri alipomwona mume anavaa koti, na yeye akavaa la kwake. Akasimama mbele yake, akamtazama usoni, akasema polepole, "Leo naenda na wewe. Nataka kuusikiliza mmbea wako huko mlimani."

Kobe alifurahi waziwazi. "Twende, mama watoto. Nitakupa na dirisha."

Waliondoka yadini jua halijakaza. Shangazi alikaa kiti cha abiria, kompyuta mapajani, akijifanya anaitazama. Mwanzoni barabara ilikuwa tambarare. Kobe aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani, macho yakitembea kioo cha kushoto, mbele, kioo cha kulia, mbele. Shangazi hakuwahi kumwona mtu anayetazama kwa bidii kiasi kile. Mwili mzima wa mumewe ulikuwa umegeuka jicho. Mara mbili kengele ililia kwa mambo madogo, gari linaingia kutoka pembeni, lori linapunguza mwendo. Mara zote mbili uso wake haukubadilika hata unywele. Nacho kile kioo kidogo cha taa nyekundu alikuwa ameomba kifungwe chini karibu na goti, eti kisimchanganye. Ni Shangazi mwenyewe aliyekifunga pale.

Walipoanza kupanda, ukungu ukawapokea. Ulishuka mweupe, mzito, ukafuta miti, ukafuta kingo za barabara, ukaacha kipande cha lami chenye urefu wa mikeka michache. Kobe akapunguza mwendo. Lori Namba Tatu likapishana nao likishuka, taa zake zikapita kama macho ya paka, na papo hapo kengele ikalia. Safari hii haikukoma. Shangazi akatazama kioo. Namba Tatu lilikuwa limebeba neno kutoka ng'ambo ya kona: Namba Nane limesimama, limekufa katikati ya njia, mita mia mbili na hamsini.

Kengele inalia. Mita mia mbili. Mume anatazama ukungu, ametulia kama anayesali.

Shangazi akampiga gotini kwa kiganja, kwa nguvu zake zote, akanyoosha mkono mbele ya uso wake. "Breki! Kuna lori mbele! Breki!"

Kobe hakuuliza. Alikanyaga kwa ustadi wa miaka yake, kidogo, akaachia, kidogo tena, tela likaguna nyuma yao, matairi yakalalamika, lori likapungua, likapungua, likasimama. Hatua kama arobaini mbele yao ukungu ulifunguka kidogo, wakaona mgongo wa Namba Nane, na dereva wake akiwakimbilia huku anapunga koti.

Kobe akawasha taa za tahadhari. Akavuta breki ya mkono. Kengele ilikuwa bado inalia.

"Umeonaje wewe kabla yangu?" akauliza kwa mshangao.

Shangazi akamgeukia, akasubiri mpaka macho yao yakutane. "Baba watoto. Kengele imelia mara ngapi?"

"Kengele ipi?"

Mkewe akainua kidole, akamwonyesha kisanduku kinachopiga kelele gotini pake. Kobe akaitazama ile taa nyekundu inayowaka na kuzima. Kisha akaweka kiganja juu ya kisanduku, akaihisi mitetemo yake, akaacha mkono pale pale. Mabega yakamshuka.

"Inalia sasa hivi?"

"Inalia."

Alizima injini. Ukungu ukaanza kutengeneza matone kwenye kioo.

"Ilianza kwa ndege," akasema hatimaye. "Wale wa asubuhi, dirishani kwetu. Nikadhani wamehama. Hata nilitaka kukuuliza wamekwenda wapi, nikaona wewe unawasikiliza. Halafu wajukuu kwenye simu. Nasikia wanasema, sisikii wanachosema. Halafu..." Akafuta uso. "Halafu ikaja sauti yako. Sauti yako nyembamba, mke wangu. Ilikwenda taratibu kama redio inayoishiwa betri. Ya Honi bado naisikia vizuri."

"Ya Honi hata mawe yanaisikia."

Alikuwa amemsoma midomo, akatabasamu. Lakini mkewe hakutabasamu. Machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ningeshuka kwenye lori. Mimi najua nini kingine? Nikajiambia, macho yapo. Nitatazama mara mbili." Akainamisha kichwa. "Nilikosea. Leo ningemuua mtu. Ningekuua wewe."

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema Shangazi.

"Umesemaje?"

Akarudia, polepole, akilifungua kila neno. "Nilidhani umenichoka. Hunijibu. Ukahamisha kiti."

Kobe akamtazama kana kwamba amepigwa kofi. "Nikuchoke wewe? Nilihamisha kiti nipate kukuona midomo! Ukikaa ubavuni kwangu nakukosa wote. Mimi kila jioni nakodoa macho mpaka kichwa kinauma, nisipitwe na neno lako, halafu wewe unasema nimekuchoka?"

Dereva wa Namba Nane alifika akagonga mlango, akitaka kuwashukuru na kuomba kamba. Aliwakuta watu wazima wawili wameshikana mikono juu ya gia, wanalia na kucheka. Akaona haya, akashuka taratibu, akaenda kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu.

Kobe aliamua mwenyewe. Waliporudi yadini alimwambia mkewe, "Chapisha zile namba. Twende kwa meneja wote wawili. Nikienda na wewe sitabadilisha maneno njiani." Wakaingia, karatasi mkononi. Meneja alizisoma, akamtazama Kobe, akazisoma tena. Hakuwa mtu mbaya. Alisema lililompasa kusema: funguo ziletwe, na zitakaa kwenye kabati mpaka daktari aseme. Kobe alizitoa mfukoni akaziweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyelala.

Zilifuata wiki tisa ngumu. Daktari wa masikio alimweka katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, akamvisha vifaa, akachora mstari unaoteremka kama barabara ya mlimani. Ngurumo za injini, alisema, miaka thelathini. Huanza kula sauti nyembamba, nzito hubaki. Alimpa vifaa vya kuvaa masikioni. Vilimsaidia chumbani, lakini ndani ya lori linalonguruma vilikuza kila kitu pamoja, kelele na neno, pilipili na sukari kwenye kikombe kimoja. Kobe akawa anashinda nyumbani. Alipaka rangi milango yote. Alipomaliza milango akaanza uzio.

Shangazi naye hakulala juu ya jambo lile. Alimwita mhandisi, akamkalisha kwenye ngazi ya Namba Kumi na Saba, akamweleza yote. "Mwanangu, mmbea wako anajua kusema, lakini amejifunza lugha moja tu. Tumfundishe nyingine."

Mhandisi alifikiri. "Sauti tunaweza kuishusha iwe nzito, hilo ni la nusu saa. Na taa tunaipandisha juu, mbele ya macho yake. Lakini kwenye ukungu, macho yakiwa kazini..."

"Mgongo je?" akauliza Shangazi. "Mgongo hauna kazi yoyote pale. Umekaa tu."

Akaenda kwenye lundo la vyuma chakavu akachomoa mota ya wipa. Kwenye mhimili wake akafunga kipande cha chuma upande mmoja, ili ikizunguka iyumbe na kutetema. Akaitia ndani ya sponji ya kiti, akavuta waya hadi kwenye kisanduku. Siku ya kwanza ya majaribio Kobe alikaa, lori likiwa limesimama yadini, mafundi wote wamezunguka. Mhandisi akatuma onyo kutoka lori la pili. Kobe aliruka mpaka kichwa kikagonga paa.

"Mama yangu! Hiki kiti kinauma?"

"Umesikia au hukusikia?" Shangazi akauliza kutoka chini.

"Nimesikia mpaka kwenye meno!"

Wakapunguza nguvu. Wakaongeza mota ya pili, moja bega la kushoto, moja la kulia, ili ajue jambo linatoka upande gani. Wakajaribu kwenye uwanja, kisha kwenye barabara ya vumbi nyuma ya yadi, ofisa wa leseni akiwa kwenye kiti cha abiria na saa mkononi. Maonyo ishirini. Shangazi alisimama getini akizisubiri namba zije, akijikuna kiganja kisichowasha. Zilipokuja alizisoma kwa sauti: sekunde moja, moja na robo, sifuri nukta tisa, moja. Alimpa mhandisi kompyuta akaenda nyuma ya banda la matairi, akakaa huko kidogo peke yake.

Kobe alirudishiwa funguo kwa masharti: njia zile zile anazozijua, kipimo cha masikio kila miezi sita, na asiendeshe lori lingine lisilo na kiti kile. Asubuhi ya kwanza madereva walimpigia makofi, naye akawaambia wapige polepole, siku hizi anasikia.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia lilitokea wiki hiyo hiyo. Dereva wa Namba Sita, mzee wa miaka hamsini na nane, alimfuata Shangazi juu ya paa, akashika antena kana kwamba anaikagua. "Shangazi, hivi kile kiti... mtu akiwa mzima kabisa, lakini ana rafiki yake ambaye, tuseme, kengele inampita..."

"Mlete rafiki yako kesho saa mbili," akasema Shangazi bila kuinua kichwa. "Aje na lori lako."

Kesho yake alikuja wa Namba Kumi na Mbili, ambaye mgongo ulikuwa unamuuma na amesikia eti mtetemo ni dawa. Wa tatu hakutoa sababu, alisimama tu mlangoni mwa karakana akizungusha kofia. Alhamisi, watu wote walipokwenda kula, aliingia Honi. Alifunga mlango. Kisha, kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya kunong'ona, na iliyosikika mpaka getini, akasema, "Shangazi, na mimi niwekee. Lakini iwe siri."

Sasa ikaeleweka kwa nini mtu yule alikuwa anapiga kelele miaka yote.

Shangazi hakumcheka. Alimvutia kiti, akakaa mbele yake ana kwa ana, na kabla ya kusema neno akahakikisha mwanga wa dirisha unamwangukia yeye usoni. Tabia hiyo alikuwa ameipata nyumbani, na kufikia mwisho wa mwaka yadi nzima ilikuwa imeiga: mtu hasemi na mwenzake akiwa amempa mgongo. Viti kumi na moja vilifungwa mota. Meneja aliposoma kumbukumbu za miezi mitatu aliagiza vifungwe vyote, vijana kwa wazee.

Kobe aliendesha mwaka mmoja na miezi minne zaidi. Halafu Jumanne moja, mchana, akarudisha funguo bila kusukumwa na mtu. Meneja alitaka kuandaa sherehe, akakataa. Alisema ameshapigiwa honi za kutosha kwa mwanamume mmoja. Alizunguka Namba Kumi na Saba mara moja, akagonga tairi moja moja kwa kisigino kama alivyofanya kila asubuhi, akamwonyesha dereva mpya mahali ambapo mlango hukwama na namna ya kuubembeleza.

Mkewe alikuwa juu ya paa la lori la jirani. Alikaza skrubu ya mwisho, akakunja zulia lake, akashuka ngazi kwa tahadhari, kwa sababu magoti nayo hayakuwa yale ya zamani.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Nimemaliza. Wewe je?"

"Yamebaki mawili. Yatanisubiri kesho."

Wakatoka getini kwa miguu. Walipofika barabarani Shangazi alizunguka nyuma ya mumewe akahamia upande wa kushoto, kwenye lile sikio ambalo daktari alisema lina nafuu, akamshika mkono, akaanza kumsimulia habari za mjukuu aliyeota jino. Mara mbili mume alimwambia rudia. Mara mbili akarudia.